Muulize Bi Mkalimani: Ukienda Mumbai Kukaa, Si Kutembea

Mwezi uliopita niliandika aya mbili tu hapa kuhusu miaka yangu saba Mumbai, nikimjibu msomaji mmoja juu ya visa ya matibabu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimenijia kutoka kila pembe ya Nairobi, na moja nimekabidhiwa mkononi pale Gikomba nikichagua mitumba. Kwa asiyenijua: mimi mzaliwa wa Majengo, Pumwani. Nilikwenda Mumbai mwaka 2012 kusomea famasia, nikamaliza, nikabaki kuwa mkalimani wa wagonjwa wanaotoka Afrika Mashariki, nikarudi nyumbani 2019. Bei ya hoteli za ufukweni siijui, usiniulize. Ninachojua ni saa ambayo maji hutoka mferejini na behewa ambalo huwa na nafasi.

*Bi Mkalimani, mume wangu ameandikiwa kwenda kutibiwa Mumbai na tutakaa miezi miwili. Mimi sijavuka hata Namanga. Nianzie wapi?*
*Mama Watatu, Umoja*

Pole mama, Mungu amponye baba. Anza na kile cheti cha njano. Anayetoka Kenya haingii India bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na sindano yenyewe iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Bila cheti unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na mgonjwa yuko upande wa pili anakungoja. Kama daktari wa baba anasema chanjo hiyo haimfai kwa ugonjwa alio nao, mlipate hilo kwa maandishi na mlipeleke ubalozini kabla hamjalipa tiketi. Visa yake ni ya matibabu na yako ni ya msindikizaji. Mgonjwa mmoja huruhusiwa wasindikizaji wawili. Usidanganywe uende na ya utalii eti ndiyo nyepesi.

Chumba tafuteni karibu na hospitali, hata kama ni kidogo na ukuta umebabuka. Kilomita kumi za Mumbai ni zile za Thika Road Ijumaa jioni mvua ikinyesha. Kiwe na jiko, maana mgonjwa atachoka na chakula cha kununua kabla ya wiki kwisha. Na mwenye chumba, awe wa hoteli au wa nyumba, anatakiwa kuipasha serikali habari ndani ya saa 24 kwamba amepokea mgeni wa kutoka nje. Akikwambia "hiyo haina haja, dada", beba begi lako utafute mwingine.

Sasa hesabu. Hapo Mswahili ana bahati, kwa sababu wao huhesabu kwa laki, na laki yao ndiyo laki yetu, 100,000. Matata yako kwenye mkato. Siku moja nilimpeleka mzee wa hapa Nairobi dirisha la malipo, akapewa karatasi imeandikwa 2,50,000. Akaitazama. Akaigeuza nyuma. Akavaa miwani, akainyoosha mkono mrefu, akaniuliza: "Mwanangu, hapa kuna sifuri imeanguka au mkato umepotea njia?" Hakuna kilichoanguka. Ni laki mbili na nusu. Wao wakishapita elfu, mkato hukaa kila baada ya tarakimu mbili. Juu ya laki kuna krori, ambayo ni milioni kumi. Hiyo mkiiona kwenye bili yenu, kaeni chini kwanza.

Na hili nakwambia kama mtu wa dawa: kabla hamjarudi, mwombeni daktari aandike jina la dawa yenyewe, si la kampuni pekee. Majina ya pakiti za huko mengi hayajulikani kwenye maduka ya dawa ya Nairobi, na nimeona watu wakisaka pakiti kwa jina lake River Road nzima ilhali dawa hiyohiyo ipo rafuni imevaa jina lingine. Plagi zao zina miguu ya mviringo, kwa hiyo nunua adapta hapahapa. Na ukisikia "matton" kwa bucha, ni mbuzi, usiogope.

*Shikamoo Bi. Nimepata nafasi ya kusoma Mumbai. Chuo kiko kusini, chumba ninachokimudu kiko Mira Road. Nimeambiwa treni za huko zinaua. Ni kweli?*
*Kijana wa Pangani*

Marahaba mwanangu. Zinaua, na sitakuficha. Lakini wengi wanaokufa ni wanaokata njia kwa miguu juu ya reli na wanaoanguka wakining'inia milangoni, kwa sababu milango ya treni nyingi haifungwi. Wewe usifanye hayo mawili. Kuna daraja, pita darajani. Ukikosa treni hii, kuna nyingine baada ya dakika chache.

Reli hiyo ina umri mkubwa kuliko Nairobi. Treni ya kwanza ya abiria ilitoka Bombay, kama mji ulivyoitwa hadi 1995, ikaenda Thane tarehe 16 Aprili 1853. Huku kwetu bado ng'ombe wa Wamaasai walikuwa wakinywa maji walipopataka. Leo kuna njia tatu kubwa, na yako ni ya Magharibi, inayoanzia Churchgate kusini ikapanda hadi Virar na kuvuka. Mimi nilikaa Mira Road hiyohiyo, kwa hiyo hapa ninakuchorea ramani ya mguu wangu.

Juu ya jukwaa kuna ubao. Unakuonyesha herufi za kituo cha mwisho, saa, kisha F au S. F ni fasti, inaruka vituo. S ni slo, inasimama kote. Halafu kuna idadi ya mabehewa, 12 au 15, ili ujue usimame wapi. Mkosi wa mgeni ni kupanda fasti ya Virar jioni akitaka kushuka Andheri. Wenye treni yao, wale wa mbali, watakuangalia kama mtu aliyepanda basi la Mombasa akitaka kuteremka Mlolongo, na huenda wasikupe njia ya kufika mlangoni.

Asubuhi treni ya kutoka Virar hufika Mira Road imeshajaa pomoni. Wenyeji wana ujanja. Wanapanda treni inayokwenda kaskazini, kinyume na wanakokwenda, hadi kituo kimoja mbele, Bhayandar. Baadhi ya treni huanzia hapo zikiwa tupu. Unapata kiti, unarudi nayo ukipita Mira Road umekaa, ukiwatazama wenzako kwa huruma. Ila pasi yako ya mwezi iandikwe kuanzia Bhayandar, usije ukashikwa na mkaguzi kwa ajili ya kituo kimoja.

Mabehewa yenye picha ya mwanamke ni ya wanawake, usiingie hata ukiwa umechelewa mtihani. Kuna behewa la walemavu, ambalo wagonjwa wa saratani pia huruhusiwa. Hilo nalo si lako. Lako ni la watu wote. Benchi la watu watatu hukaliwa na wanne, na wa nne huweka upande mmoja wa makalio, mwingine ukaelea hewani. Neno la kumwambia mwenzio asogee ni "adjasti", na hakuna anayelikasirikia. Ukisimama, muulize aliyekaa anashuka wapi. Akisema Dadar, kiti hicho kimeshakuwa chako kuanzia Dadar, na mwingine akiuliza ataambiwa kina mwenyewe. Begi livae kifuani. Vituo viwili kabla ya kushuka anza kusogea mlangoni ukimuuliza wa mbele kama naye anashuka.

Behewa la wanawake silo la kukueleza wewe, lakini nitalieleza kwa ajili ya dada zako. Mwezi wa Januari mmoja, ni msimu wa njegere, nilikuwa nimebanwa kati ya akina mama wanaorudi kutoka kazini. Mmoja akafungua mfuko wa njegere mbichi, akamwaga rundo juu ya mapaja yangu bila kuniuliza neno, akaendelea kumenya zake. Nikamenya. Mwingine upande wa pili alikuwa akichambua mboga juu ya gazeti, wa mlangoni anauziwa hereni na kijana anayepita na ubao umejaa vibanio. Tukafika Borivali bakuli limejaa. Ndipo akanitazama usoni, akaniuliza naitwa nani. Kuanzia kesho yake nilikuwa na nafasi kwenye treni hiyo, ya saa kumi na mbili na dakika nane jioni. Huko treni hutajwa kwa dakika yake, kama mtu anavyotajwa kwa jina la baba.

Jambo moja la mwisho na silisemi kwa mzaha. Kazi yangu ilikuwa Parel, nikishukia kituo cha Elphinstone, siku hizi kinaitwa Prabhadevi, nikivuka kidaraja chembamba cha miguu. Tarehe 29 Septemba 2017 asubuhi mvua ilinyesha ghafla, watu wakajibanza pale darajani wasilowe, treni zikaendelea kumwaga wengine. Watu zaidi ya 20 walikufa kwa kukanyagana. Mimi siku hiyo nilikuwa zamu ya mchana. Mvua ikikukuta kwenye ngazi za stesheni, toka ulowe.

*Nimesikia Mwafrika hapewi nyumba huko. Wewe ulipataje?*
*J., Ngara*

J., sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni kweli, inatokea. Mimi nilikuwa napiga simu kwa Kihindi changu cha shule, naambiwa njoo hata leo. Nikifika, mtu ananiangalia kuanzia ukucha hadi ushungi, anakumbuka kwamba nyumba ilichukuliwa jana. Nilihesabu kumi na moja za namna hiyo. Na barabarani watoto watakuita Nijeria, uwe umetoka Nigeria, Kenya au mbinguni.

Usidhani ni sisi tu. Kuna majengo yasiyopokea anayekula nyama, yasiyopokea Waislamu, yasiyopokea kijana asiyeoa. Mimi nilikwenda na dhambi tatu kwa mpigo: Mwafrika, Mwislamu, na msichana asiye na mume. Ya nne ilikuwa samaki.

Kilichonifaa ni dalali aliyekuwa akiishi mtaa uleule, anayesali na wenye nyumba msikiti mmoja. Dalali wa mbali anakuzungusha bure. Ukipata, jua kwamba jengo lina kamati yake, wanaiita sosaiti, na mwenyekiti wa kamati ana nguvu kuliko mwenye nyumba. Mkataba wa kawaida ni wa miezi 11. Dalali hula kodi ya mwezi mmoja, wengine miwili. Amana ya nyumba ni kubwa, kwa hiyo siku ya kuingia piga picha kila ufa na kila bomba linalovuja, kwa sababu siku ya kutoka utaambiwa ufa ni wako. Na kama visa yako ni ya zaidi ya siku 180, jiandikishe kwa ofisi ya wageni ndani ya siku 14 za kufika. Hufanywa mtandaoni, nayo huomba mkataba huo.

Mwenyekiti wa jengo moja aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama watu wangu wamewahi kuishi na Wahindi. Nikamuuliza kama anaijua ngome ya Janjira, kule Murud, kusini ya Mumbai. Anaijua, alipelekwa na shule. Nikamwambia waliotawala ngome ile ni Masidi, watu wenye asili ya Afrika, na Wamaratha, watawala wa bara ile, waliishambulia mara kwa mara wasiiteke. Akanyamaza, akaita chai. Nyumba sikupewa. Chai nilikunywa.

*Bi, niko Andheri mwezi wa nne sasa. Dada wa kazi aliacha kuja bila kuaga, na tangu hapo mlinzi wa getini hanifungulii mpaka nipige kelele. Nilimwomba tu, kwa kuwa anakuja kufagia, aoshe na vyombo. Nimekosa nini?*
*Binti wa Kariobangi*

Umekosa sana mwanangu, na ningekuwa karibu ningekufinya.

Huko dada wa kazi, yule anayeitwa bai, hauzi siku yake. Anauza kazi mojamoja. Kufagia na kupiga deki ni bei yake. Vyombo ni bei nyingine. Nguo nyingine. Kupika ni mtu mwingine kabisa. Wewe ulimwambia, kwa lugha ya pale, akufanyie kazi ya pili bure. Na bai wako si wako. Ana nyumba tano au sita katika jengo hilohilo, anaingia kwa kila mtu, anajua nani kagombana na nani na nani amenunua friji kwa mkopo. Kabla hujafunga mlango, ghorofa ya saba walikuwa wanajua wewe ni bahili.

Fanya hivi. Shuka kwa mlinzi na chai. Si pesa, chai, katika vile vibilauri vya nusu wanavyoviita "katingi". Muulize habari za kwao. Takriban kila mlinzi ana kijiji na kila kijiji kina shida ya mvua. Halafu mwambie unataka kuongea na bai na ulikosea. Atamwita. Ukubaliane naye kila kazi na bei yake, na siku zake za kupumzika. Na ikifika Diwali, umpe kitu cha ziada. Desturi ya wengi ni mshahara wa mwezi mmoja. Mlinzi naye umkumbuke, na anayebeba taka.

Jiji lile utaliona kubwa mpaka siku utakayowajua watu saba wa mlango wako. Kuna wa maziwa, wa magazeti, wa taka, ambaye atataka za jikoni mbali na zile kavu. Kuna wa duka la chini, atakayekuletea hata kiberiti kimoja ghorofani ukipiga simu, na akakuandikia daftarini. Kuna mpiga pasi mwenye meza yake chini ya ngazi na pasi ya makaa, nzito kama jiwe la kusagia. Nguo zako huzipokea bila risiti na hapotezi hata soksi. Kuna dobi, na neno letu limetoka kwao. Na kuna ninayempenda kuliko wote, mnunuzi wa magazeti makuukuu. Anapita akiimba kwa sauti ya puani, unamwita, anakuja na mizani. Usitupe gazeti wala chupa. Mara ya kwanza alinipimia kilo nane za magazeti, nikaona mizani imelala upande. Nikakohoa. Akaitazama mizani kama vile ndiyo iliyomsaliti, akaongeza rupia. Tukawa marafiki.

*Nibebe unga wa ugali?*
*Mla Sima, Kawangware*

Beba pakiti moja ya kujifariji. Unga wao wa mahindi ni wa njano, umesagwa laini kwa ajili ya mikate, na ugali wake hunata kwenye mwiko. Wengi wetu tulihamia suji, ile semolina. Usikoroge sana, inashika haraka. Sukuma wiki isahau, tafuta mchicha mwekundu. Ndengu, mbaazi, ukwaju, viazi vitamu, vyote viko. Nduma zipo lakini ndogo kama dole gumba. Muhogo uulizie kwa watu wa Kerala, kusini ya India. Ng'ombe hachinjwi Maharashtra, jimbo la Mumbai, na tangu 2015 hata dume amekatazwa. Utakachouziwa ni nyati wa kufugwa. Na ufike Aprili au Mei, ule embe la hapus, halafu urudi uniambie la kwetu ni tamu zaidi kama unaweza.

*Ninasafiri mwezi wa Julai. Mvua ya Nairobi nimeizoea. Kuna la kuogopa?*
*Bw. K., South B*

Ndugu yangu, mvua ya Nairobi ni mate. Kusi ileile inayochafua bahari kwetu Pwani ndiyo inayowamwagia maji wao, kuanzia karibu tarehe 10 Juni hadi mwisho wa Septemba. Tarehe 26 Julai 2005, kituo cha hali ya hewa cha Santacruz, hapo Mumbai, kilipima milimita 944 kwa siku moja. Hiyo ni karibu na mvua ambayo Nairobi hupata mwaka mzima.

Magazeti ya huko huchapisha saa za maji kujaa, na mtu wa Mombasa angeelewa mara moja. Bamvua ikikutana na mvua kubwa, maji ya mitaro hayana pa kwenda, yanarudi barabarani. Tarehe 29 Agosti 2017 yalinikuta Parel. Treni zimesimama, maji yamenifika kiunoni, na watu wanatembea mstari mmoja wameshikana mabega. Siku hiyo, mtaa uleule, daktari mashuhuri alitumbukia katika shimo la mtaro lililokuwa wazi chini ya maji, akapatikana baadaye amekufa. Kwa hiyo usitembee peke yako, fuata alipokanyaga wa mbele. Ukiona tawi la mti limesimama katikati ya barabara, halikuota hapo. Kuna mtu amelichomeka shimoni kukuonya. Zunguka. Afadhali zaidi ulale ofisini. Watu huko hulala maofisini, stesheni, misikitini na katika mahekalu, na hakuna anayekuuliza dini kabla ya kukupa chai.

Ukishatembea ndani ya maji hayo, hasa kama una kidonda mguuni, muone daktari ndani ya siku tatu hata ukijisikia mzima. Mkojo wa panya huingia kwenye maji, na homa yake ni mbaya. Dawa ya kuizuia ipo, lakini usijinunulie kwa kuwa mimi nimekudokeza. Viatu vya ngozi viache South B, vitaota ukungu kabatini kabla hujavivaa. Nunua ndara za mpira zenye kamba ya nyuma.

*Je, kuna M-Pesa?*
*Wakala, Kayole*

Kuna ndugu yake, anaitwa UPI, alizaliwa 2016, na hata muuza kitunguu wa mkokoteni ana kijisanduku kinachotangaza kwa sauti kwamba rupia kumi zimeingia. Lakini wakati wangu yeye alikaa juu ya akaunti ya benki ya huko, na mgeni wa miezi miwili hakuwa nayo. Laini ya simu utapata kwa pasipoti, visa na picha. Kwa mengine tembea na noti ndogo. Mwenye oto, ile tuktuk yao, hana chenji, hajawahi kuwa nayo, babake pia hakuwa nayo. Tena oto haziruhusiwi kusini ya Mahim na Sion. Huko ni teksi nyeusi na njano.

Noti ndogo nimezipenda tangu tarehe 8 Novemba 2016. Saa mbili usiku Waziri Mkuu Narendra Modi alitokea kwenye televisheni akasema ikifika usiku wa manane noti za 500 na 1,000 si pesa tena. Nilikuwa nimeketi na mama kutoka Nyeri aliyekuja na mwanawe, kila alichonacho kikiwa noti za 500 ndani ya bahasha ya kaki, amezifunga na raba. Hakuelewa tangazo. Nilimtafsiria mara mbili, mara ya pili polepole. Akaifungua bahasha, akazihesabu zote, akaifunga tena. Tulipanga foleni benki siku nne tukabadilisha kidogokidogo, na mwenye duka la chini akatupa mchele, maziwa na mafuta kwa daftari bila kuuliza tutalipa lini.

*Mwanangu anaondoka wiki ijayo. Nimpigie saa ngapi nisimsumbue?*
*Mama Rama, Majengo*

Mama Rama, jirani, ungekuja tu mlangoni! Wao wametutangulia kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayowachanganya watu. Huku ikiwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwake ni saa tatu. Usimpigie baada ya isha, atakuwa amelala. Marehemu mama alikuwa akinipigia akishaswali alfajiri, huku bado giza, na mimi niko jukwaani Mira Road jua limeshawaka. Tulikuwa tukiongea dakika nne, tano. Alizoea kwamba nikikata katikati ya neno, treni imeingia.